Kava ya Diski ya Harusi ya Faduma

Jumapili, 18 Februari 2024

Laptopu imekufa. Nimeibonyeza, nimeibembeleza, nimeisomea — imekufa.

Ilikuwa hivi. Jana tulimaliza sherehe ya Faduma, upande wa akina mama, na mimi nikafanya kama ninavyofanya kila harusi. Nikakaa katikati ya chumba, nikamimina kadi zote za kamera ndani ya laptopu, kisha mwanamke mkubwa wa nyumba akasimama nyuma yangu nikazifuta zile kadi mbele ya macho yake. Jana mwanamke huyo alikuwa Shangazi Deqa, dada ya babake Faduma. Alivaa na miwani. Ndilo sharti la kazi yangu hapa Bulapesa, Isiolo. Hakuna mwanamke atakayevua shali na kucheza mbele ya kamera kama hajui kadi zitafutwa papo hapo. Hakuna nakala kwa flashi, hakuna kurusha mtandaoni, hakuna mwanamume wa kuona. Nakala moja, kwangu mimi Habon, basi. Kwa sharti hilo nala na kuvaa.

Sharti zuri sana! Mpaka leo asubuhi umeme ulipopotea ukarudi kwa hasira. Laptopu ilikuwa kwa chaji. Ikatoa kamoshi kadogo, kenye adabu, kama ka ubani — halafu kimya. Mama akaja mlangoni, akanusa, akauliza nimechoma nini. Nikamwambia nimechoma harusi ya Faduma.

Akatafuta pa kukaa.

Ijumaa alasiri wanawake wote wanakusanyika kwa mamake Faduma kutazama video. Jumamosi alfajiri Faduma anachukuliwa kwenda Merti kwa mumewe, mwenye malori, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Lazima aondoke nayo mkononi. Nikikosa, mimi si mpiga video tena. Ni yule msichana aliyepoteza harusi ya watu, na mji huu hausahau.

Na si harusi tu. Kuna ile sehemu! Acha niiandike hapa nikiwa bado nacheka. Shangazi Deqa — mkali, hacheki, mwenyekiti wa kila kamati, akiingia jikoni hata sufuria zinajipanga — alichukua fimbo ya bibi mmoja, akajifunga shali kiunoni, akamwigiza mumewe. Mzee Abdiladif mzima mzima! Kukohoa kabla ya kutoa salamu. Kugonga sakafu akitaka chai. Kuvuta mguu. Kuhesabu malori aliyokwisha kuyauza zamani. Waliokuwa wakiimba buranburi, mashairi ya akina mama, wakaacha ngoma. Wanja wa Faduma ukashuka mpaka kidevuni. Na mwisho Shangazi Deqa mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini, sakafuni, miguu mbele kama mtoto. Kamera yangu ilikuwa karibu kabisa.

Sijawahi kupiga kitu kizuri kama kile. Na kimo humo ndani ya moshi.


Jumatatu, 19 Februari

Kwa Ekuam. Yeye ndiye hupiga video upande wa wanaume, na siku zisizo na harusi hutengeneza kompyuta kwenye kibanda chake karibu na stendi. Nilienda na Mama, kama mtu anayesindikiza pesa za benki. Ekuam akafungua laptopu, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari wa kulipwa. Ubao wa ndani umekwisha. Lakini akachomoa kijiti chembamba, urefu wa chingamu, akakiinua kwenye mwanga. Hii SSD, ndiyo diski yenyewe, akasema, huenda haina hata mkwaruzo.

Nikauliza kama harusi nzima imo humo. Humo.

Dawa yake ni kava. Unaitia SSD ndani ya kava, kava ina waya, waya unaingia kompyuta nyingine, unaona vitu vyako vyote. Rahisi. Niiache tu kwake, ana kava ya mteja isiyoweza kutoka kibandani, jioni nikute tayari.

Mimi na Mama tulisema hapana kwa sauti moja, mpaka mteja aliyekuwa nje akachungulia. Ekuam akacheka. Akasema yeye ana mama na dada wanne, hakuna kucheza ambako hajaona. Mama akamjibu kwamba hao ni wake na hawa si wake, akaichukua SSD, akaifunga kwa tishu, akaitia kwenye kipochi chake pamoja na mswaki, karafuu na shilingi za sadaka. Heshima ya nusu ya wanawake wa Isiolo sasa inanuka karafuu.

Faduma amekubali kunipa laptopu yake. Nzuri, ila imejaa mpaka shingoni: masomo ya uuguzi na tamthilia za Kituruki. Hakuna pa kumimina harusi. Kwa hiyo itabidi nikate na kuunganisha video nikiisoma moja kwa moja kutoka kwenye kava. Nilipomwambia Ekuam hivyo, mzaha ukamtoka. Akasema basi nisije nikanunua kava ya polepole, nitamaliza Ramadhani imekwisha na Idi imepita.

Jioni akaja Shangazi Deqa. Na maandazi! Hapo nikajua kuna jambo.

Amesikia kuhusu laptopu. Akasema kwa huzuni nzuri kabisa kwamba ni kadari. Akanywa chai. Akasema ile sehemu yake, kwa kweli, haikuwa na maana, ni kelele za wanawake tu, na watu wameshasahau. Nikamwambia, Edo — ndivyo tunavyomwita shangazi — leo sokoni nimesalimiwa mara mbili kwa kikohozi.

Akaweka andazi chini.

"Mungu amesitiri, Habon. Yeye akisitiri, wewe ni nani wa kufunua?"

Nikala andazi. Akitoka akasema diski ikifunguka, kitu cha kwanza ni kufuta yake. Nikasema nimesikia. Kusikia si kukubali — na anajua, maana maneno hayo alinifundisha yeye.


Jumanne, 20 Februari

Faduma kwa simu, asubuhi. Video bila Edo Deqa nisiilete. Ya nini kwake? Nikamweleza mambo ya kusitiri. Akasema polepole kwamba Merti hajui mtu hata mmoja isipokuwa mume, na mume mwenyewe atakuwa barabarani. "Nikilia huko nataka kitu cha kunichekesha. Hicho ndicho nataka. Dhahabu wanipatie wao."

Roho iliniuma. Nikaahidi. Sasa nina ahadi moja na amri moja zinazopigana, na diski moja isiyofunguka.

Saa nne hivi, hodi. Shangazi Deqa, mlangoni, hataki kuingia. Ananipa mfuko. Ndani, kava mpya! Ya plastiki, inaonekana ndani mpaka nje, bado iko kwa karatasi yake. Amesema amefikiria usiku kucha, ameona si vizuri kumwacha msichana peke yake na shida, hivyo amepita dukani. Nilitaka kumbusu. Nilimwombea dua ndefu mpaka akaangalia pembeni.

Nikamwomba Mama kipochi. Nikatoa kijiti. Nikakipeleka kwenye mdomo wa kava.

Hakiingii.

Nikakigeuza. Hakiingii. Nikakipuliza, nikasema bismillahi, nikakigeuza tena. Nikavaa miwani ya Mama. Hapo nikaona: meno ya SSD yangu yana pengo upande mmoja, na mdomo wa kava umetengenezewa pengo la upande mwingine. Hata ningesukuma mpaka kesho.

Kwa Kinanu basi, maana mfuko ulikuwa na alama ya duka lake. Kinanu ni mwanamke wa Kimeru anayeuza chaja na vipokea sauti pale barabara kuu, na mdomo wake haufungwi hata duka likifungwa. Aliiona kava mkononi mwangu nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Akaanza kucheka. Nikafika kaunta bado anacheka, anajishikilia kwa rafu ya chaja.

Nikamwambia hii umemuuzia Edo Deqa si yenyewe. Na SSD uliniuzia wewe mwaka jana, unaijua.

"Naijua," akasema. "Aliniuliza gani inaingia SSD ya Habon. Nikamwonyesha. Akaniuliza na gani haiingii. Nikamwonyesha. Akalipia zote mbili."

"Zote mbili?"

"Ile inaingia ameweka kwa mkoba. Na ilikuwa ya mwisho. Mimi ni mtu wa duka, Habon. Naulizwa, najibu."

Nilitaka kukasirika. Wallahi nilijaribu. Nilikunja uso kutoka kaunta mpaka msikitini, nikashindwa hapo kwa ukuta, nikacheka peke yangu mpaka wapita njia wakanipisha. Mwanamke ambaye hajawahi kuwasha kompyuta! Na mimi nilimwombea dua, tena ndefu, na akaitikia amina.


Jumatano, 21 Februari

Siku ya kava.

Nimejifunza mambo. SSD hizi vijiti ziko aina mbili, na kava zake ni mbili. Moja haifai kwa nyingine hata ukibembeleza. Hilo nimelijua kwa gharama ya Edo Deqa. Yangu ni ile ya kasi. Lakini ndani ya hizo za kasi pia kuna ngazi, na Kinanu alipopiga simu Nairobi akapewa tatu, akanitajia kama mtu anayetaja wachumba.

Wa kwanza ana kasi ya kutisha na bei ya mbuzi aliyeshiba. Wa pili ni wa aluminiamu, kasi ya kutosha, bei ya kuku watatu. Wa tatu ni wa plastiki, rahisi, mwembamba, na picha yake inapendeza kuliko wote. Kinanu alimsifia yule wa mbuzi karibu atokwe na machozi.

Nikaenda kumuuliza Ekuam. Alinisalimu kwa kikohozi — huyu naye amesikia wapi! — akaniuliza tundu la waya kwenye laptopu ya Faduma likoje. Nilikuwa nimelipiga picha. Akasema basi mbuzi achinjwe na wengine. Laptopu hiyo haiwezi kumeza kasi hiyo hata robo.

"Sikiza. Mfereji ni mdogo. Ukifunga tangi kubwa namna gani, maji ni yale yale."

Na wa plastiki? Akaniuliza joto la Februari la Isiolo nalijua au nilihamia jana. SSD ikifanya kazi inachemka. Ikichemka inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Plastiki inaifunika kama blanketi. Aluminiamu inatoa joto nje, mradi ndani kuna ile pedi laini ya kulala kati ya kijiti na bati. Uliza pedi, akasema. Na uliza waya wake mwenyewe, usitumie wa simu.

Kwa hiyo kuku watatu. Mama alihoji kwa nini tusichukue ya plastiki, si kazi ni ya siku mbili tu. Nikamwambia hata sufuria ya wali ni ya saa moja, lakini hupiki kwa beseni. Akakubali, kwa shingo upande. Kinanu ameagiza, inaletwa na basi la kesho.

Njia nzima nasimamishwa na wanawake. Kila mmoja ana maombi. Huyu mikono yake ipunguzwe unene. Yule asionekane akila mara ya pili. Mke wa mwalimu ameniuliza kama kava ya kasi itapitisha haraka pale aliposimama vibaya. Nimesema inshallah. Hata sijui kama diski inasoma, tayari nina wateja wa kukonda.

Jambo moja halinichekeshi sana. Ekuam anasema pale kwenye chai karibu na msikiti, Mzee Abdiladif akipita, mtu anakohoa, na wote wanaangalia vikombe. Wake wamewasimulia waume. Kucheza wameficha, lakini hadithi imetoka na miguu yake yenyewe. Mzee mwenyewe hageuki. Anapita tu na kofia yake ya nakshi, ile ambayo hakuna mtu amewahi kumwona bila hiyo, na fimbo yake.


Alhamisi, 22 Februari

Imefika! Ndogo, kijivu, nzito kidogo mkononi, imechongwa mifereji mgongoni ya kutoa joto. Pedi iko. Kijiti kimeingia — tk! — kwa mara ya kwanza, bila bismillahi hata moja, nikaisema baadaye kwa shukrani. Nikaifunga. Nikaichomeka. Taa ya bluu ikawaka, na kwenye kioo cha Faduma likatokea faili: HARUSI F.

Nilipiga kelele. Mama alipiga kelele kwa sababu nimepiga kelele.

Kisha nikafungua video, na Faduma akaingia ukumbini kwa hatua... moja... akasimama... nyingine... akasimama. Mwendo wa kinyonga mwenye mawazo. Nikajua nimeibiwa. Nikampigia Kinanu maneno ambayo sitayaandika. Nikampigia Ekuam, akauliza swali moja: umetumia waya gani? Nikaangalia. Wa simu yangu. Na waya wa kava, ule mfupi mweusi mnene, uko wapi?

Ulikuwa jikoni, unachaji simu ya Mama. Alisema ni mzuri sana, simu imejaa haraka.

Nimebadilisha. Faduma sasa anatembea kama bibi harusi. Nimemwomba Kinanu radhi. Amesema nitalipa kwa kumwonyesha ile sehemu, yeye pia ni mwanamke, na hilo siwezi kulikataa.

Nimekata siku nzima. Kava inapata joto, mkono unastahimili, mwendo haupungui. Nimeilaza juu ya mfuniko wa sufuria ipate upepo. Mikono ya watu nimeiacha na unene wake.

Ile sehemu niliibakiza mwisho, kama mtu anavyobakiza nyama. Nikaitazama. Mama akaitazama. Mama akajifunika uso kwa leso. Tukaitazama tena. Hata nikatengeneza kipande kimoja, Deqa peke yake, uso na fimbo, wengine wote nimewakata nje, kwa sababu kinafurahisha tu kuwa nacho. Sijui kwa nini nilikitengeneza, labda kwa sababu uso ule sitauona tena.

Na kufuta? Kidole kilifika kwenye kitufe. Nilimkumbuka Edo Deqa na andazi lake. Nilimkumbuka Faduma na Merti yake. Nimekitoa kidole. Mungu ananiona na bado sijaamua.


Ijumaa, 23 Februari

Naandika haya nikijifanya napanga bei za harusi za baada ya Ramadhani. Chumbani kuna watu na sijui pa kuweka macho.

Nianze mwanzo. Asubuhi video nzima niliyoiunganisha ilianza kujiandika kuwa faili moja, humo humo ndani ya kava. Ukichomoa waya kabla haijamaliza, kwaheri harusi. Alasiri wanawake wanakuja kutazama. Na Edo Deqa yumo, sikumfuta. Niliamua nikipiga mswaki: nitamlilia baadaye, nimwombe radhi, nipigwe.

Saa tano na kitu, nje, kikohozi. Kile kile! Kirefu, cha vipande vitatu. Nilicheka kwa nguvu, nikidhani ni Kinanu amekuja na mzaha.

"Salaam aleikum."

Mzee Abdiladif. Mwenyewe.

Mama alimkaribisha, akakaa naye pale, na bakuli la dengu la kuchambua mapajani, ili nisiwe peke yangu na mwanamume. Mzee aliweka fimbo kati ya magoti. Alitazama sakafu, akatazama kava inavyomulika juu ya mfuniko wa sufuria, akauliza hicho ni nini. Nikamwambia ni nyumba ya diski. Akauliza harusi imo humo. Nikasema imo. Nikasubiri laana, nikasubiri fatwa, nikasubiri fimbo.

Akasema hakuja kukataza. Mjini wanamkoholea, anajua, na ameshindwa kukasirika kwa sababu ya jambo moja alilosikia. Alilisema bila kuniangalia.

"Kwangu hacheki, Habon. Tangu tuoane. Nilifikiri ni mtu ameumbwa bila kicheko. Sasa nasikia amecheka mpaka akakaa chini. Nionyeshe hapo tu. Pale anakaa chini."

Sijui niliangalia wapi. Sharti langu ni moja, hakuna mwanamume. Nimelishika kwa miaka yangu yote ya kazi, na likivunjika mara moja hakuna shali itakayovuliwa tena mbele ya kamera yangu. Lakini yule ni mkewe. Kichwa chake, nywele zake, kicheko chake, ni nani mwingine ana haki? Nilimwangalia Mama. Mama alichambua dengu tatu hivi, akasema mume si mwanamume. Mpaka sasa sijui alikuwa anatoa hukumu au anamtukana mzee wa watu.

Nikakumbuka kile kipande. Deqa peke yake. Nikazima sauti, maana nyuma kuna kicheko cha wanawake wengine na sauti pia ni ya mtu. Video kubwa ikawa inaendelea kujiandika nyuma, na hiki kidogo kikacheza mbele bila kukwama. Kuku watatu wangu, Mungu awabariki!

Mzee aliinama kwenye kioo. Alijiona anakohoa. Alijiona anagonga sakafu. Midomo ya mkewe ikawa inakwenda, akauliza anasema nini hapo. Nikasema anahesabu malori. Mangapi? Saba. Akasema yalikuwa manane.

Kisha akajiona anatembea. Akaguna. "Mguu si huo. Anavuta wa kulia. Mimi navuta wa kushoto."

Nikasema labda alichanganyikiwa kwa ngoma.

Halafu Shangazi Deqa akaanza kucheka, bila sauti, kinywa wazi, akashikilia fimbo, akateleza nayo mpaka chini, miguu mbele. Mzee aliinama zaidi. Kikaisha. Akasema, rudisha. Nikarudisha. Akasema, rudisha. Mara ya tatu sikungoja aniambie. Alikuwa ameweka mkono kinywani na macho yake yalikuwa maji matupu, na mimi pia, na Mama alikuwa anachambua dengu bila kuziona.

Ndipo geti likalia.

"Habon!" Sauti ya Shangazi Deqa, kutoka getini, inamtangulia. "Nimeleta kava, ile nzuri. Nimemfikiria Faduma na huko aendako. Waonyeshe tu, waonyeshe yote. Lakini ahadi moja, mzee wangu asije aka—"

Mama akatupa leso juu ya kioo. Waya siwezi kuchomoa! Na Mzee Abdiladif, mtu mzima, mwenye heshima zake, akavua kofia yake ya nakshi na kuifunika kava.

Shangazi Deqa ameingia.

Hiyo ni kama dakika kumi zilizopita. Amekaa. Kava aliyonificha siku zote hizi iko mkononi mwake, bado kwa karatasi. Amemtazama mumewe. Ametazama kichwa chake, ambacho nadhani hata yeye hakioni mchana. Amemuuliza amefuata nini. Mzee amesema amekuja kumsalimia mama Habon. Mama amesema ndiyo, amemsalimia sana. Kisha Edo Deqa anajipepea kwa upepeo wake wa ukili, na taa ya bluu inapepesa chini ya nakshi za kofia. Kava lazima inachemka humo. Leso imeteleza kidogo na naona video imebakiza sehemu ndogo tu. Vumilia, kipenzi.

Hatanitazama, Edo Deqa. Anaitazama kofia.

Mzee amekohoa. Mdomo wa Edo Deqa umecheza upande mmoja, akaubana. Mzee amesema swala ya Ijumaa imekaribia. Amesimama. Mama amemwambia, Mzee, kofia yako. Amesema iache, joto jingi leo.

Anaenda mlangoni. Polepole kuliko alivyoingia, fimbo, hatua, fimbo, hatua. Anapita mbele ya mkewe kabisa ingawa njia ni pana. Anavuta mguu.

Wa kulia, kama kwenye kile kipande.

Edo Deqa ameacha kujipepea. Anautazama ule mguu.